Glasi Niliyommiminia Ochieng

Mwende mwanangu,

Umetoka kwenda Makina kuwaaga wenzako, na mimi nimekaa kwenye kitanda chako kwa sababu ndicho kilicho karibu na dirisha. Kesho asubuhi unapanda basi la Kisumu kwenda kusomea uuguzi. Tangu nije Nairobi nikiwa msichana sijawahi kuishi peke yangu katika chumba, na sasa nitaanza.

Mambo ya kula na kuvaa na marafiki wa kuchagua sitayaandika. Ulijifunza kujitunza mapema kuliko watoto wengi, kwa kuwa mimi nilikuwa na shughuli zangu chini ya kitanda, unazijua. Nataka kukuandikia habari za baba yako. Nyingi umezisikia. Kuna moja hujaisikia, na anayepaswa kukuambia ni mimi.

Watu wa huku Lindi, Kibera, wakimtaja Benedikto fundi viatu, utadhani alizaliwa na rozari mkononi. Mimi nilimjua kabla ya rozari. Alikuwa akishona viatu mpaka saa nane mchana, kisha anafunga kisanduku chake na kupotelea kwenye vichochoro vya Sarang'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata, wewe ukiwa mgongoni. Huko ndiko nilikowaona wanawake waliokuwa wakiuza chang'aa. Walikuwa wameketi wametulia, na wanaume wanawasalimia kwa heshima. Siku moja nikajiambia, kama ni lazima anywe, basi anywe yangu. Nikaleta mtungi wa kwanza nikauficha chini ya kitanda. Wewe nimekuwa nikikuambia kwamba niliuza kwa sababu ya njaa. Njaa ilikuwepo, lakini nilianza kwa hasira.

Kuacha kwake pombe unakujua wewe kuliko mtu yeyote, ingawa hukumbuki. Ulikuwa na miaka sita. Ilikuwa Jumamosi mchana, ukatoka bombani ukamkuta amelala sakafuni, mguu mmoja nje ya mlango. Ukamwita hakuitika. Ukammwagia kikombe cha maji usoni, hakushtuka. Ukaenda jirani kwa Mama Zainabu ukamwambia, bila kulia, "Baba amekufa." Niliporudi kutoka sokoni nilikuta mlango umejaa wanawake, wengine wanalia, mmoja akanikumbatia kabla sijauliza kitu. Kelele hizo ndizo zilizomwamsha. Aliketi, akazitazama nyuso zote zile, akauliza, "Nani amekufa?"

Wewe ndiye uliyesema, "Ni wewe."

Mimi nilicheka. Wanawake wakacheka pia, kwa kupata nafuu. Yeye hakucheka. Alikaa pale sakafuni mpaka wote wakaondoka, na Jumatatu yake akaenda parokiani kumwona padre mzee aliyekuwepo siku hizo. Nilitarajia atarudi na maji ya baraka na ahadi nyingi. Akaniambia padre hakumtaka aahidi chochote. Alimwambia tu, "Leo usinywe. Jioni upite hapa uniambie." Baba yako akapita jioni. Akapita na kesho yake. Alipita kila jioni kwa zaidi ya mwaka, mvua ikinyesha, akiwa na homa, na siku ambazo padre alikuwa safarini alimwambia bawabu.

Baadaye wengine wakaanza kupita kwake. Unakumbuka lile benchi lake kando ya njia. Asubuhi lilikuwa na wanaume wanne, watano, wengine viatu vyao havina tatizo lolote. Hakuwahubiria. Alikuwa akiwauliza jana ilikuwaje, kisha anasikiliza huku sindano yake inaendelea. Ochieng seremala alifika akiwa ameshauza randa na misumeno yake yote. Mzee Njoroge, yule mwenye ploti nyingi Kawangware, alikuwa akibebwa na wapangaji wake mwenyewe kurudishwa nyumbani. Alitembea mpaka Kibera kwa sababu kule kwao aliona aibu. Wote walikaa benchi moja, bega kwa bega, wakanywa uji wa mama wa jirani.

Asipomwona mtu wake, baba yako alikuwa akifunga kisanduku na kwenda kumtafuta. Aliingia kwenye nyumba za pombe, akaketi karibu naye, akangoja. Hakumvuta mkono wala kumgombeza. Nilimuuliza siku moja kama haogopi kukaa kwenye harufu ile. Akasema, "Naogopa kila mara." Halafu akaendelea kuvaa koti lake, anakwenda.

Na akitoka huko alirudi hapa, kwenye harufu hiyo hiyo. Picha ya Bikira Maria ilikuwa ukutani, mtungi wangu uko chini yake, na pazia ndilo lililomtenga yeye anayesali na wateja wangu. Watu walitutania, wakasema mke anawalewesha na mume anawalevua. Aliniomba niache mara moja tu. Nilimjibu, "Ulipokuwa unalala mtaroni, mtoto huyu alilishwa na nani?" Akasema, "Ni wewe." Hakurudia tena.

Laiti angerudia. Ningegombana naye, tukamaliza. Badala yake alinyamaza, akanisaidia kuteka maji, akanisalimia vizuri kila asubuhi, na mimi nikazidi kuwa mbali naye. Watu walikuja mlangoni kumshukuru. Wake zao walimletea ndizi na mayai. Mimi waliniangalia kwa pembeni. Kuishi na mtu ambaye kila mmoja anamsifu, na wewe ndiye unayejua jinsi miguu yake inavyonuka, ni upweke ambao sikuwa na wa kumweleza.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Krismasi iliyopita ulikuwa Kitui kwa nyanya yako, umemaliza mtihani wako. Matokeo ya kura yalipotangazwa, huku kuliwaka. Umesikia habari za moto, na reli iliyong'olewa. Kitu ambacho sijui kama umeelezwa ni ule ukimya. Mtu uliyeazimana naye chumvi miaka kumi anakupita bila kukuangalia, anawaza jina lako ni la kabila gani. Sisi Wakamba kila upande ulidhani tuko upande mwingine. Benchi likabaki tupu. Wanaume wake walikuwa wa makabila manne, na hakuna aliyethubutu kukatiza njia. Basi yeye ndiye aliyewafuata, nyumba kwa nyumba, kila siku.

Mchana mmoja alikuwa amekwenda Makina kutafuta unga. Nikamwona Ochieng mlangoni.

Ochieng alikuwa hajavuka kizingiti hiki kwa miezi kumi na tisa, tangu aache kunywa. Akija, alikuwa akimngojea baba yako nje. Karakana yake ilikuwa imechomwa usiku uliopita, pamoja na randa mpya alizokuwa amezinunua moja moja. Mke wake alikuwa amekwama Kawangware kwa dadake, na simu haipatikani. Alisimama pale, mikono imejaa masizi.

"Mama Mwende, Bena yuko?"

"Hayuko. Ameenda kutafuta unga."

Akaangalia chini ya kitanda. "Niwekee moja."

"Bena atasema nini?"

"Si umesema hayuko."

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Nilimwogopa, kwa jinsi macho yake yalivyokuwa. Nilimhurumia. Sikuwa nimepata mteja kwa siku nyingi. Zote zina ukweli kidogo. Lakini chini yake kulikuwa na sababu nyingine, na kuiandika ni kugumu kuliko nilivyodhani nilipoketi hapa. Nilitaka aanguke. Nilitaka baba yako arudi, amkute mtu wake kipenzi amelala kwangu, aone kwamba hao watakatifu wake ni watu wangu pia. Nilimimina glasi ikajaa mpaka juu. Alipoimaliza sikungoja aombe, nikammiminia ya pili. Sikumdai kitu.

Alisimama akasema anakwenda Kawangware kumchukua mke wake. Nilimwambia njia ni mbaya kwa mtu wa jina lake, asiende. Nilisema kwa sauti ya chini sana, Mwende. Kama ningetaka kweli asiende ningesimama mlangoni.

Baba yako alirudi na pakiti moja ya unga. Mama Zainabu alikuwa ameshamwambia kwamba Ochieng amepita amelewa, anaelekea Kawangware. Aliingia, akauliza, "Nani amempa?"

Nikasema, "Sijui."

Glasi ilikuwa bado mezani. Akaitazama, akanitazama. Aliweka unga chini, akavaa koti.

"Bena, watakuua huko."

"Amelewa," akasema. "Hataweza hata kudanganya jina lake."

Kilichotokea Kawangware alinisimulia Ochieng mwenyewe. Alikuta vijana wameziba njia kwa mawe na matairi, wana mapanga na rungu. Walimkalisha chini, wakataka kipande, kitambulisho chake. Hakuwa nacho. Wakamuuliza jina, akawa anacheka tu na kulia. Hapo ndipo baba yako alipofika, anahema, akapita katikati yao kana kwamba hawaoni, akamshika Ochieng kola na kuanza kumgombeza kwa Kikamba.

"Wewe mzee, huyu unamjua?"

"Ni ndugu yangu. Ametutesa nyumbani na pombe."

"Toa kipande."

Akatoa chake. Wakasoma jina, wakasoma Kitui.

"Na chake?"

"Kitakuwa wapi? Ameuza mpaka viatu."

Mmoja wao akasema, "Basi aongee lugha yenu tusikie."

Baba yako akamgeukia Ochieng, akamsalimia kwa Kikamba. Miezi kumi na tisa Ochieng alikuwa ameketi kwenye benchi lile akisikia wateja wa kwetu wakisalimiana. Akajibu, kwa ulimi mzito wa pombe, "Ni museo." Niko salama. Vijana wengine wakacheka. Wakawaambia waende.

Walikuwa wameshageuka. Mmoja ambaye hakucheka alimfuata baba yako akampiga rungu juu ya sikio, kwa nyuma. Hakuanguka. Walikimbia mpaka lango la Mzee Njoroge, na mzee yule akawafungulia akijua vizuri majirani zake watasema nini. Aliwalaza kwake, na asubuhi akamtuma mtu kumtafuta mke wa Ochieng, akapatikana mzima. Adhuhuri akawasindikiza wote watatu mpaka huku, yeye mbele na kofia yake, mtu na miaka yake sabini.

Baba yako aliingia akitembea. Alisema kichwa kinamuuma kidogo. Alikula ugali. Kesho yake akaanza kutapika, na jicho moja likawa halifunguki vizuri. Zahanati ilikuwa imefungwa, na kila gari tuliloomba lilikataa kupita. Ochieng na Mzee Njoroge walihangaika nje siku nzima. Mimi nilibaki naye hapa ndani, na mchana nikamwambia.

Nilisema, "Ni mimi niliyempa Ochieng."

Macho yalikuwa yamefumbwa, nikadhani hajasikia. Kisha akasema, "Niliona glasi."

"Mbona hukusema?"

"Ungejitetea. Na mimi nilikuwa na haraka."

Hivyo ndivyo alivyosema, bila ukali. Baadaye kidogo akasema, "Mwende umwambie wewe mwenyewe. Asije akaambiwa na watu." Halafu akataka tusali Salamu Maria. Nilikuwa sijasali miaka mingi, nikakwama katikati, akanikumbusha neno linalofuata. Alifariki kabla ya saa kumi, mkono wake ukiwa kwenye blanketi lako la kijani.

Hakusema amenisamehe. Nimeyapitia maneno yake yote, moja moja, nikilitafuta neno hilo. Halimo. Labda liko ndani ya jambo lingine alilolisema, wewe unamjua kama mimi, utapima.

Hatukuweza kumpeleka Kitui. Tulimzika hapa hapa jijini, na wewe ukaambiwa na mjomba wako kwa simu. Jeneza alilitengeneza Ochieng kwa msumeno wa kuazima. Waliolibeba walikuwa wale wa benchi, Ochieng na Mzee Njoroge wakiwa mbele, huyu mrefu na yule mfupi, jeneza likaenda limeinama. Siku hizo ukionekana na mtu wa kabila lingine ulikuwa unajitafutia matata. Tulipita vizuizi viwili kwa miguu. Vijana walisogea kando, na hakuna aliyeomba kipande. Nilitamani ungekuwepo uone wale watu. Na nilishukuru hukuwepo, kwa sababu ungeniona mimi.

Siku ile niliacha kuuza. Wewe uliporudi ukafurahi, ukadhani ni huzuni, na mimi nikakuacha udhani hivyo. Sasa nakaanga mihogo. Wateja wangu wa zamani hawana la kunifuata, na akina mama wa jumuiya bado wananiita yule wa chang'aa, ingawa kwa sauti ya chini. Kanisani nakaa nyuma karibu na mlango. Ochieng amehamishia kazi zake pale palipokuwa na kisanduku cha baba yako, na asubuhi wanaume bado wanakuja kukaa. Nikipita na beseni langu wananyamaza. Hawana chuki. Nusu yao walinywea kwangu, hawajui waniangalie vipi. Naharakisha kupita, nao wanaanza tena kuongea nikiwa mbali kidogo.

Ochieng hajanywa tena, wala hajamwambia mtu. Mwezi wa sita nilimwendea nikamuuliza kwa nini amenifichia siri. Akaweka randa chini. "Nikisema ni wewe," akaniambia, "nitakuwa nimepata wa kumlaumu. Nikishapata wa kumlaumu nitakunywa." Akachukua randa akaendelea na kazi. Ni yeye aliyempigia dada yake wa Kisumu akupokee kesho, ili usifike mji mgeni huna unayemjua. Mjomba wako anasema ni wazimu kumpeleka mtoto wetu upande ule wa akina Ochieng mwaka huu. Nimemsikiliza vya kutosha. Nenda. Baba yako alimtafuta mtu mmoja bila kuuliza ni wa upande gani, na wewe unakwenda kujifunza kuwatunza watu, hutawachagua.

Nilichojifunza ni kidogo, na nilikipata kwa bei ambayo si mimi niliyeilipa. Nilikuwa na hasira na baba yako kwa miaka, kwanza kwa kunywa kwake, halafu kwa kuacha kwake, kwa sababu alibadilika akaniacha nilipokuwa. Sikumwambia hata siku moja. Nilingoja mpaka akaja mtu ambaye hakunikosea chochote, siku mbaya kuliko zote za maisha yake, nikammiminia yeye. Na baba yako alikuwa hapo hapo chumbani kila jioni, nyuma ya pazia. Ningenyoosha mkono ningemgusa.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kati ya nguo zako, uikute ukiwa mbali, nisiuone uso wako. Miezi tisa nimekuwa nikiahirisha, na mpango huo nao ulikuwa wa kuahirisha. Nimeubadilisha nikiwa naandika ukurasa huu. Nitakupa mkononi leo ukiingia, halafu nitatoka nikae pale kwenye kibao cha Mama Zainabu, ambapo unaweza kuniona. Usome yote. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo, hata kama majirani watasikia, waache wasikie. Ukitaka kukaa kimya mpaka kesho, kaa. Ukiamua mwingine ndiye akusindikize kwenye basi, nitaelewa, na sitakufuata kwa nyuma.

Nasikia sauti yako njiani. Mtu amekuambia "niaje, daktari," na wewe unacheka, unamwambia bado. Wacha nikunje karatasi.

Ni mimi mama yako,
Syombua